KUNISHIGE KAMAMOTO: STRAIKA WA KIWANDA CHA INJINI AMBAYE JAPAN HAIJAPATA MWINGINE

Wadau, muulize kijana yeyote anayefuatilia kandanda akutajie mfungaji bora wa muda wote wa timu ya taifa ya Japan. Atasema Kazu Miura. Akiwa mjuaji zaidi atasema Shinji Okazaki, yule aliyebeba ubingwa wa Uingereza na Leicester mwaka 2016. Wote hao hawamo. Jibu ni mzee Kunishige Kamamoto, mabao 75 katika mechi 76, na huyo alitundika daluga za timu ya taifa mwaka 1977, wengi wetu hata hatujazaliwa.

Mzee huyu alifariki dunia tarehe 10 Agosti 2025 akiwa na miaka 81. Kwa Kiswahili habari zake ni chache mno, ndiyo maana leo namleta hapa kwa urefu kidogo: alikotokea, alivyofunga, na kilichompata alipohamia kwenye benchi. Hilo la benchi ndilo watu huwa wanaliruka, na mimi naona ndilo lenye utamu.

Alizaliwa Kyoto tarehe 15 Aprili 1944, vita kuu ya pili ikiwa bado inapiganwa. Japan aliyokulia ilikuwa nchi ya besiboli. Soka lilikuwa mchezo wa mashule, vyuo na viwanda, na ligi ya taifa haikuwepo kabisa. Alisoma sekondari ya Yamashiro hapo hapo Kyoto, halafu mwaka 1963 akaingia Chuo Kikuu cha Waseda, Tokyo. Usicheke na timu ya chuo. Kamamoto akiwa pale, Waseda walichukua Kombe la Mfalme mara mbili, na hilo ni kombe linaloshirikisha timu zote za nchi. Mara ya pili ilikuwa Januari 1967, fainali waliwafunga Toyo Industries 3-2. Toyo ndiyo kampuni ya magari ambayo leo tunaiita Mazda, na wakati ule ndio walikuwa mabingwa wa ligi. Tangu siku hiyo hakuna chuo kingine kilichowahi kubeba kombe hilo.

Hapa inabidi nimtaje Mjerumani mmoja, la sivyo stori haieleweki. Tokyo ilikuwa imepewa Olimpiki ya 1964 na Wajapani waliogopa kuaibika nyumbani kwao. Mwaka 1960 wakamleta Dettmar Cramer, kocha mfupi wa umbo kutoka Ujerumani Magharibi, ndiye huyo huyo ambaye baadaye alikuja kuipa Bayern Munich vikombe viwili vya mabingwa wa Ulaya, 1975 na 1976. Cramer aliwafundisha watu wazima kupiga pasi kama watoto wanaoanza. Matunda yakaonekana: kwenye Olimpiki hiyo Japan wakawafunga Argentina 3-2, kisha wakatolewa robo fainali na Czechoslovakia kwa 4-0. Kamamoto alikuwemo kikosini, kijana wa miaka 20. Cramer alipoondoka aliacha ushauri kwamba bila ligi ya kudumu hawatafika popote. Wakasikia. Mwaka 1965 ikaanza ligi ya taifa yenye timu 8, karibu zote za makampuni, mtindo wa timu kama Reli au Sigara tuliowahi kuwa nao sisi.

Alipomaliza chuo mwaka 1967 Kamamoto angeweza kwenda timu kubwa. Akaenda Yanmar Diesel ya Osaka. Ndio, Yanmar hao hao watengeneza injini za dizeli. Ilikuwa timu ya mkiani. Na yeye aliajiriwa kama mfanyakazi wa kampuni, maana soka la kulipwa halikuruhusiwa Japan. Nalisisitiza hili kwa sababu mtu ukisikia rekodi zake unaweza kudhani ni staa aliyekuwa analala hotelini. Hapana. Alikuwa na kazi ya kampuni kama wenzake, na mpira ulikuwa wa ridhaa.

Mwaka huo huo Yanmar walimchukua pia Nelson Yoshimura, Mbrazili mwenye asili ya Kijapani, fundi wa kuuchezea mpira utakavyo. Kocha alikuwa Kenji Onitake. Nelson anapika, Kamamoto anakula. Timu ya mkiani ikageuka timu ya ubingwa.

Tuje sasa kwenye kufuzu Olimpiki ya Mexico, maana hapa ndipo penye ugomvi wa watu wa takwimu. Mechi za kufuzu zilichezwa Tokyo, Septemba na Oktoba 1967. Japan waliwapiga Ufilipino 15-0, na Kamamoto peke yake alifunga 6. Leo utawasikia watu wakisema ‘aaah, mabao ya kuwafunga Wafilipino hayo, siyo mabao’. Sawa. Sasa tazama kilichofuata. Japan na Korea Kusini walitoka 3-3 kwenye mechi ngumu kweli, Kamamoto akifunga moja. Mwisho wa kundi timu zote mbili zilikuwa hazijapoteza mchezo, pointi sawa sawa. Kilichoamua ni mabao, na Japan wakapita. Sasa yale 6 ya Ufilipino ni ya bure au ndiyo tiketi ya ndege ya kwenda Mexico? Mimi nasema ni tiketi. Straika anatakiwa afunge anayewekwa mbele yake, hachagui.

Kabla ya kwenda Mexico walimpeleka Ujerumani Magharibi, mji wa Saarbrücken, mwanzoni mwa 1968, akanolewe peke yake. Aliyempokea alikuwa Jupp Derwall, ambaye baadaye alikuja kuwa kocha wa taifa la Ujerumani na kubeba kombe la Ulaya 1980. Alirudi mtu mwingine kabisa. Alikuwa na mwili tayari, urefu karibu mita 1.80, wakati ule kwa Mjapani ni pande la mtu. Alichoongeza ni haraka ya kufanya uamuzi: mpira ukimfikia anatuliza na kuachia kombora kwa mpigo mmoja kabla beki hajajua afanye nini. Sehemu yake aliyoipenda ni kulia mwa goli, nyuzi 45 hivi. Makipa wa Japan walijua atapigia pale, mabeki walijua, na mashabiki kule juu walijua. Bado anafunga.

Mexico, Oktoba 1968. Mechi ya kwanza walikutana na Nigeria. Hawa Nigeria hawakuwa wasindikizaji, kwenye kundi hilo hilo walitoka 3-3 na Brazil. Lakini siku ile Kamamoto aliwatwanga mabao matatu peke yake, 3-1. Halafu Japan wakatoka 1-1 na Brazil, wakatoka 0-0 na Hispania, wakaingia robo fainali. Ufaransa wakafa 3-1, Kamamoto mawili. Nusu fainali wakakutana na Hungary waliokuja kuchukua dhahabu, wakapigwa 5-0, hapo hakuna la kusema.

Ikabaki mechi ya kugombea shaba, tarehe 24 Oktoba, uwanja wa Azteca, dhidi ya wenyeji Mexico. Hebu fikiria hiyo hali: mechi ya 6 ndani ya siku 11, hewa nyembamba ya mlimani, na uwanja mzima siyo wako. Winga Ryuichi Sugiyama akapeleka mpira, Kamamoto akafunga. Kabla ya mapumziko Sugiyama tena, Kamamoto tena. Kipindi cha pili Mexico wakapata penati, golikipa Kenzo Yokoyama akadaka. Ikaisha 2-0.

Piga hesabu. Mashindano yote Japan walifunga mabao 9. Kamamoto alifunga 7 na yale mengine 2 ni ya Masashi Watanabe. Yeye ndiye aliyekuwa mfungaji bora wa Olimpiki nzima, Mwasia wa kwanza kufanya hivyo. Na shaba ile mpaka leo ndiyo medali pekee ya soka la wanaume kwa Japan kwenye Olimpiki. Wamefika kwenye mechi ya shaba mara mbili tangu hapo: London 2012 wakafungwa 2-0 na Korea Kusini, na Olimpiki ya Tokyo iliyochezwa 2021 wakafungwa 3-1 na nani? Mexico hao hao. Wamexico walisubiri miaka 53 kulipa deni.

Baada ya Olimpiki ile jina lake lilianza kutajwa na klabu za nje. Ana miaka 24, mfungaji bora wa Olimpiki, ni nani asingemtaka? Lakini katikati ya mwaka 1969 akaugua homa ya ini. Siyo mafua hayo. Ugonjwa ule ulimlaza, ukamkosesha mechi za kufuzu Kombe la Dunia 1970 zilizochezwa Seoul mwezi Oktoba mwaka huo, na Japan wakatolewa. Safari ya Ulaya nayo ikafa. Kiukweli hapa ndipo mimi naumia nikisoma habari zake, kwa sababu hakuna aliyemshinda uwanjani, ni ini tu. Mjapani wa kwanza kutikisa Ujerumani akaja kuwa Yasuhiko Okudera, aliyejiunga na FC Köln mwaka 1977, mwaka ule ule ambao Kamamoto aliiaga timu ya taifa. Kombe la Dunia hakulicheza hata dakika moja.

Alirudi uwanjani, na kule kwenye ligi ndipo alipofanya vituko. Mfungaji bora mara 7: 1968, 1970, 1971, 1974, 1975, 1976 na 1978. Mchezaji bora wa mwaka pia mara 7. Ubingwa wa ligi 1971, 1974, 1975 na 1980, na Kombe la Mfalme akiwa na Yanmar mara 3. Jumla ya ligi: mechi 251, mabao 202, na pasi za mabao 79. Ile 79 wengi hawaitaji. Wanamchora kama mtu wa kusubiri mpira kwenye boksi tu, kumbe alikuwa analisha na wenzake. Na mechi zote 251 alicheza na Yanmar, timu moja tu, tangu 1967 mpaka 1984.

Sasa benchi. Mwaka 1978 Yanmar walimpa ukocha huku akiwa bado anacheza. Kocha mchezaji. Kwa sisi tuliozoea kuona kocha kavaa suti hii inachekesha kidogo, lakini kwenye timu za makampuni za wakati ule ilikuwa kawaida, huyo ni mfanyakazi kapandishwa cheo. Mwaka wake wa kwanza kama kocha akawa mfungaji bora wa ligi! Ana miaka 34. Anapanga kikosi, anajipanga na yeye mwenyewe, halafu anaingia anafunga kuliko vijana wote wa nchi. Mwaka 1980, akiwa na miaka 36, akaipa Yanmar ubingwa, na mwaka 1983 wakachukua kombe la ligi.

Lakini angalia vizuri kilichokuwa kinaendelea pale. Kocha Kamamoto alikuwa na bahati moja ambayo makocha wengine hawakuwa nayo, naye ni mchezaji Kamamoto. Mambo yakikwama anajitazama mwenyewe. Ubingwa ule wa 1980 ulikuwa wa nne na wa mwisho kwa Yanmar. Klabu ile ndiyo iliyokuja kuwa Cerezo Osaka, na mpaka leo Cerezo hawajawahi kuwa mabingwa wa ligi.

Tarehe 25 Agosti 1984 walimwandalia mechi ya kumuaga kwenye Uwanja wa Taifa, Tokyo. Walikuja kucheza Pelé na Wolfgang Overath. Pelé kwenye mechi ya kumuaga mfanyakazi wa kiwanda cha injini, wadau! Hiyo inatosha kukuonyesha walimweka wapi.

Miaka saba baadaye, 1991, akarudi kufundisha. Safari hii ni Matsushita, kampuni ya Panasonic, ambayo timu yake ilikuwa inageuzwa kuwa Gamba Osaka kwa ajili ya ligi mpya ya kulipwa. Mwenyekiti wa ligi hiyo, J.League, alikuwa Saburo Kawabuchi, mchezaji mwenzake wa Olimpiki ya 1964, mmoja wa waliowafunga Argentina. Kwa hiyo kizazi cha Cramer ndicho kilichojenga soka la kulipwa ambalo chenyewe hakikulionja.

Ligi ikaanza Mei 1993. Gamba walicheza nyumbani na Urawa tarehe 16 Mei, wakashinda 1-0. Siku hiyo hiyo kule Kashima, Zico akiwa na miaka 40 alifunga matatu peke yake, Kashima wakaichapa Nagoya ya Gary Lineker 5-0. Ndiyo ligi aliyoingia Kamamoto: mastaa wa dunia wamejaa, matangazo ya televisheni kila kona, mashabiki wamepaka rangi usoni. Gamba walimaliza msimu nafasi ya 7 kati ya timu 10. Mwaka uliofuata timu zikawa 12, wakawa wa 10. Alikuwa naye Sergei Aleinikov, kiungo aliyewahi kuichezea timu ya taifa ya Sovieti na Juventus, lakini bado ikagoma. Mwisho wa 1994 akaondoka na Gamba wakamleta Mjerumani, Siegfried Held.

Wapo wanaosema straika mkubwa hawezi kuwa kocha mkubwa kwa sababu kile alichokuwa anakifanya hakifundishiki. Mimi sikubali hivyo moja kwa moja, mifano ya kupinga ipo hapo hapo Japan. Kenta Hasegawa alikuwa mshambuliaji, alicheza timu ya taifa, na akiwa kocha aliichukua Gamba hii hii ikiwa daraja la pili mwaka 2013, akaipandisha, na 2014 akabeba ligi, kombe la ligi na Kombe la Mfalme kwa mkupuo. Tofauti ninayoiona ni hii: Hasegawa alianzia chini, akafundisha timu ya chuo, akakaa Shimizu kuanzia 2005 hadi 2010 akijifunza kazi. Kamamoto alipewa Gamba kwa jina. Ukocha wake wa Yanmar ulikuwa wa ligi ya ridhaa, na nusu ya kazi aliimaliza kwa miguu yake. 1993 alikuwa na miaka 49, miguu haipo, na mbele yake hakukuwa na Kamamoto. Gamba walikuja kupata straika wa kuwatetemesha watu mwaka 1997, naye alikuwa Patrick M'Boma wa Cameroon, aliyefunga 25 msimu huo na kuwa mfungaji bora. Mzee wetu alikuwa ameshaondoka.

Baada ya hapo hakufundisha tena ligi kuu. Mwaka 1995 aligombea akaingia Baraza la Juu la bunge la Japan kwa tiketi ya chama tawala cha LDP, akakaa mpaka 2001. Ubunge wake siuongelei sana, watu hawamkumbuki kwa hilo. Akawa pia makamu wa rais wa chama cha soka cha nchi hiyo, na kipindi hicho ndicho Kombe la Dunia la 2002 lilipochezwa Japan na Korea. Mwaka 2005 chama kilipofungua rasmi orodha ya magwiji wa soka la nchi hiyo, yeye alikuwemo kwenye kundi la kwanza kabisa.

Nimalizie na ile rekodi. Hoja ya wanaoipinga ni kwamba alicheza zama ambazo Asia ilikuwa dhaifu, na kwamba mechi nyingine ni za kufuzu Olimpiki ambazo siku hizi zinachezwa na vijana wa chini ya miaka 23. Hoja ya kwanza ina ukweli. Ya pili siikubali, kwa sababu wakati ule kikosi cha Olimpiki cha Japan ndicho kilikuwa timu ya taifa yenyewe, hakikuwepo kingine kilichofichwa nyuma. Halafu kuna jambo ambalo takwimu za mabao halisemi. Tangu shaba ile ya 1968, Japan hawakufuzu tena soka la Olimpiki mpaka Atlanta 1996, na Kombe la Dunia wakaliona kwa mara ya kwanza 1998. Asia ile ile inayoitwa dhaifu ndiyo iliyowazuia miaka yote hiyo. Kamamoto yumo, wako wa tatu duniani kwenye Olimpiki. Kamamoto kalazwa, wanatolewa Seoul.

Msimamo wa wafungaji wa timu ya taifa ya Japan kwa hesabu za chama chao: Kamamoto 75, Kazuyoshi Miura 55, Shinji Okazaki 50. Miura alicheza mechi 89, Okazaki 119.